Mkate wa Bhoke

Kabla sijakueleza habari za Bhoke, nikwambie kwanza mimi ni mtu wa namna gani, usije ukanidhania mwema. Jina langu ni Bonareri. Sokoni Migori wananiita Mama Dorine, na ukitaka kunipata uliza tu yule mwanamke wa ndizi mwenye mdomo. Nimegombana na wachukuzi, nimegombana na askari wa kanzu, nimegombana na mchungaji mmoja mpaka akaomba ahamishwe. Siogopi mtu. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu. Sasa sikiliza jinsi mtu asiyeogopa mtu alivyomwogopa mwanamke mgonjwa wa kilo arobaini.

Bhoke alikuwa Mkuria wa Kegonga. Kwao kulikuwa na ng'ombe na mahindi, lakini yeye alishuka Isebania angali msichana, akakaa na shangazi yake aliyekuwa akiuza chai pale mpakani, mkabala na Sirare. Kazi ya Bhoke ilikuwa chapati. Madereva wa malori walikuwa wakivuka upande wa Tanzania na chapati zake zimefungwa kwenye gazeti, na wakirudi wanaulizia yeye, si shangazi. Wangwe alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori moja la mbao. Alikula chapati sita siku ya kwanza, saba siku ya pili, na siku ya tatu akasema ni nafuu amwoe kuliko kuendelea kununua. Bhoke alikuwa akinisimulia hayo huku akicheka mpaka anashika mbavu.

Halafu wahubiri wa Sabato wakaja Isebania wakapiga hema. Wangwe alienda kwa mzaha, akamburuta mkewe. Aliyetoka pale ameshikwa ni Bhoke. Jumamosi ndiyo siku malori yanajaa mpakani, na Jumamosi hiyo hiyo akafunga jiko. Shangazi alimtukana matusi yote anayoyajua, kisha akamfukuza. Ndipo wakaja Migori, mwaka wa themanini na nane, Wangwe akapata kazi kwenye kinu cha kusaga unga, na Bhoke akaingia kanisani kwetu na mtoto wao Sheila mgongoni. Benchi alilokalia lilikuwa langu. Nilimwambia asogee. Akasogea, akatabasamu, akaniuliza kama nina mtu wa kuoshana naye miguu.

Kwetu Sabato, Meza ya Bwana huja mara nne kwa mwaka, na huwezi kuiendea na miguu mikavu. Kwanza mnaoshana miguu, wanawake huku, wanaume kule, wawili wawili na beseni la maji. Kama una kinyongo na mtu, hapo ndipo unapomtafuta. Unapiga magoti, unamwosha, unamfuta kwa taulo, mnaombeana, kisha ndipo mnakwenda kula mkate na kunywa maji ya zabibu. Mimi sikuwa na mtu wa kuoshana naye. Unajua kwa nini; nimeshakwambia kuhusu mdomo wangu. Tangu siku hiyo nilikuwa naye. Miaka minane miguu yangu haikuguswa na mtu mwingine, na yake vilevile. Alikuwa na kovu refu kwenye kisigino, alikatwa na jembe utotoni, na mimi nililijua kovu lile kuliko nilivyojua mikono ya mume wangu.

Ukiliona kanisa lile hutasema ni la kuandikia habari. Mabati, sakafu ya samadi, liko nyuma ya soko. Lakini humo ndani tulikuwa Wakisii, Waluo na Wakuria, watu ambao siku za wiki tulikuwa tukiitana majina ambayo sitayarudia hapa. Mluo ananunua ndizi zangu huku ananung'unika, na mimi nampimia huku nanung'unika. Katika mwaka mzima kulikuwa na siku nne tu ambazo watu hawa wote walikula kitu kimoja, na kitu hicho kilitoka mkononi mwa Bhoke. Walipoonja chapati zake tu walimpa kazi ya shemasi na wakamwachia unga wa Meza. Alikuwa akianza Ijumaa adhuhuri, ili jua lisizame, Sabato ikaanza, kabla hajamaliza. Unga wa ngano, maji, mafuta kidogo, chumvi ya kunusa tu, hakuna hamira. Anakanda, anasukuma mpaka unakuwa mwembamba, anachora mistari kwa kisu upate kuvunjika vipande vidogo sawasawa, anadunga kwa uma, anaoka kwenye sufuria kavu, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mkate wake ulikuwa ukitoka mweupe, umekauka vizuri, ukiuvunja unalia.

Nisikuchoshe kwa mambo ya upishi. Ila kuna jambo moja la mwaka wa tisini na moja lazima ulijue. Rael, shemasi mkuu wetu, ni Mjaluo, kwao ni upande wa Ndhiwa. Mwaka huo ng'ombe wa kaka yake walichukuliwa, na watu wakasema nyayo zimeelekea Kuria. Sabato ya Meza Rael alikaa benchi la mwisho, akakunja mikono. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye hali mkate uliokandwa na wale watu. Kanisa lote tukatazama viatu vyetu. Bhoke aliinua beseni lake, akaniambia, "Mama Dorine, leo nisamehe," akatembea nalo kutoka mbele hadi nyuma, maji yakimwagika kwenye sketi. Akapiga magoti. Hakusema ng'ombe, hakusema pole. Alikaa tu pale chini, mikono yake ndani ya maji, akingoja. Alingoja mpaka watu wakaanza kukohoa. Mwishowe Rael akavua kiatu kimoja, kisha cha pili. Alipofutwa alikuwa analia kamasi, anamwita Bhoke nyaminwa, yaani binti wa mama yetu. Siku hiyo nilikula mkate nikaamini kila kitu ambacho mchungaji alisema kuuhusu.

Wangwe alikufa mwaka wa tisini na nne. Alikonda, akakohoa, akakonda tena, akafa. Siku hizo mazishi yalikuwa mengi hata seremala wa majeneza alikuwa halali vizuri, na kila marehemu alikuwa amekufa kwa malaria, kwa kifua, au kwa kurogwa. Waluo walikuwa na neno lao, ayaki, wakilinong'ona. Sisi wengine tulikuwa tukisema ule ugonjwa, tukimaliza hapo. Bhoke alivaa kitambaa cheusi mwaka mmoja, akaanza kuuza chapati stendi, akaendelea kupika mkate wa Meza.

Mwaka wa tisini na sita akapata mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka ubavuni yakichoma kama makaa. Yakapona, akaanza kukohoa. Akaniomba nimsindikize Homa Bay, kwenye hospitali, kwa sababu pale Migori kila mtu alimjua. Tulienda siku mbili, ya kutolewa damu na ya kupewa majibu. Siku ya majibu aliniomba niingie naye. Kulikuwa na muuguzi mmoja mama mtu mzima, mpole, alituketisha akatueleza polepole. Akasema damu ya Bhoke ina virusi. Akasema pia, na hili nakariri kwa sababu lilisemwa mbele ya masikio yangu haya mawili, kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kufuliana nguo. "Msimtenge," alisema, akinitazama mimi. Nikajibu, "Mimi? Nimtenge huyu? Huyu ni dada yangu." Nilikasirika kabisa kuambiwa hivyo.

Nje ya hospitali Bhoke aliketi kwenye ukuta mfupi. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha leso yake. Hakulia. Alisema, "Sheila ana kaka yangu Kegonga, atamchukua. Hilo halinitishi sana. Mama Dorine, mimi naogopa kitu kimoja. Naogopa kutengwa kabla sijafa. Nataka nile na nyinyi mpaka mwisho. Hilo tu. Usimwambie mtu." Nikamwapia. Nilimshika mikono yote miwili, nikasema siri hii inakufa na mimi.

Ilikaa siku tisa.

Sasa, mimi sikwenda sokoni kupiga domo. Kama ningefanya hivyo ungeweza kunilaani ukamaliza. Nilikwenda kwenye maombi ya wanawake, Jumatano alasiri. Tulikuwa tumepiga magoti, kila mtu anatoa ombi lake, na moyo wangu ulikuwa umejaa hadi juu. Nikafumba macho nikamlilia Mungu. Nikasema, Bwana, mkumbuke dada yetu Bhoke, majibu yake ya Homa Bay unayajua, ugonjwa uliomchukua Wangwe umemshika naye, mhurumie. Nililia kweli. Nilipofungua macho, wanawake kumi na mmoja walikuwa wananitazama, na hakuna aliyekuwa amepiga magoti tena. Rael akaniuliza, "Una hakika?" Na mimi, mpumbavu mkubwa, nikajibu kwamba niliyasikia kutoka kwa muuguzi mwenyewe.

Wanawake hao kumi na mmoja wote wakaenda kumwombea, kila mmoja na jirani yake. Kufikia Sabato kanisa zima lilikuwa linamwombea Bhoke, na hakuna aliyekaa benchi lake. Yeye alidhani ni kikohozi chake kinawasumbua. Akawa anakaa mwisho karibu na dirisha, asiwakere.

Meza ya robo ya kwanza ya mwaka wa tisini na saba ilipokaribia, Mzee Nyabuto akaniita. Nyabuto alikuwa mzee wa kanisa, Mkisii mwenzangu, mtu wa kusema kwa upole hata anapokuchinja. Tulikutana sita: yeye, Rael, mimi, wazee wengine wawili na shemasi Obare. Nyabuto akasema washiriki wanakuja kwake mmoja mmoja. Wanasema kama Bhoke ndiye atakayekanda, wao hawatakula. Wengine wanasema watahamia kanisa la ng'ambo ya mto. "Kanisa litagawanyika," alisema. "Meza iliyowekwa ituunganishe itatugawa." Nikamwambia yale maneno ya muuguzi. Nakiri nilisema mara moja tu, na si kwa sauti yangu ya sokoni. Akaitikia kwa kichwa. Akasema yeye anaamini, lakini je, watu wataamini? Na kumnyang'anya Bhoke kazi yake, si kutamuua? Tumfiche aibu. Apike kama kawaida. Na mtu mwingine apike mwingine, kimyakimya. Mkate wake uwekwe kwenye sahani ndogo, apelekewe yeye, na wengine wale ule mwingine. Hivyo hakuna atakayeumia.

"Nani atapika huo mwingine?" akauliza Obare.

Wote wakanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa rafiki yake. Mimi ndiye ambaye angekubali kumfundisha.

Unaweza kusema ningekataa. Hata mimi nimelisema hilo, nimelisema nikiwa jikoni, nimelisema nikiwa nimekaa chooni. Sikukataa. Ukweli uko hivi, na sitaupaka mafuta: tangu siku ile ya Homa Bay nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilikuwa nimeacha kunywa chai nyumbani kwake. Nilikuwa nikisema tumbo langu halitaki maziwa. Nyabuto aliponiambia nipike mkate mwingine, kitu fulani ndani yangu kikashusha pumzi, kwa sababu nilikuwa nimekaa wiki nzima najiuliza nitaula vipi ule wa Bhoke.

Basi nikaenda kwake nikamwambia, "Nifundishe, siku ukiwa hujisikii nikusaidie." Furaha aliyoipata, Mungu anisamehe. Aliinuka kitandani. Akanionyesha jinsi ya kupima maji kwa jicho, jinsi ya kukanda mpaka unga uache kushika kidole. Aliniambia mkono wangu ni mzito, nisikandamize kana kwamba nampiga mtu. Tulicheka. Akasema, "Sasa nikifa, mkate hautakufa." Nikamwambia aache maneno hayo.

Ijumaa nilioka wangu nyumbani, mlango umefungwa. Ulitoka mnene, rangi ya udongo, ukingo umeungua. Bhoke alileta wake kanisani kwa miguu yake mwenyewe, umefungwa ndani ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Alipumzika mara tatu njiani. Sheila ndiye aliyeniambia.

Sabato mchungaji akaja. Alikuwa na makanisa kumi na manne, kwetu alifika kwa Meza tu, na hakuna aliyemwambia lolote. Akahubiri vizuri, sina la kumlaumu. Akasema punje za ngano zilikuwa kila moja na shamba lake, Ndhiwa, Kegonga, Kisii, zikasagwa, zikakandwa, sasa nani anaweza kuzitenganisha? Watu wakasema amina. Nyabuto akasema amina.

Tukaenda kuoshana. Bhoke alikuwa ameshaniwekea maji, ya uvuguvugu, alijua sipendi ya baridi. Akaniosha kwanza. Vidole vyake vilikuwa mifupa mitupu, lakini alisugua vizuri katikati ya kila kidole, akanifuta, akashika miguu yangu magotini pake akaomba. Alisema, "Bwana, nakushukuru kwa dada huyu. Wengine wamekaa mbali, yeye hakunikimbia." Kisha ikawa zamu yangu. Nilimwosha haraka. Kulikuwa na kidonda kidogo juu ya kifundo, nikapita mbali nacho. Nilipomaliza nilijifuta mikono kwenye sketi, mara moja, mara mbili, mara tatu, na niliposhtuka alikuwa ananitazama. Akavaa soksi zake.

Siku zote yeye na Rael ndio waliokuwa wakikifunua kitambaa cha Meza. Siku hiyo Nyabuto alimwambia apumzike benchi la mbele, tutafunua mimi na Rael. Akakubali, alikuwa amechoka. Tukashika pembe za kitambaa, tukakunja. Sahani tatu kubwa zilikuwa na mkate wangu. Pembeni, sahani ndogo ya kikombe ilikuwa na wake.

Mtu aliyepika chapati maisha yake yote hahitaji kuambiwa. Aliona kabla hatujamaliza kukunja. Nilimwona akiona. Alizitazama zile sahani kubwa, vile vipande vya rangi ya udongo, akaitazama ile ndogo, kisha akanitazama mimi, kwa sababu alijua mkono mzito ni wa nani. Sikuwa na mahali pa kuficha uso. Mchungaji akaomba, akavunja. Mashemasi wakapitisha sahani, watu wakachukua, hata wale waliosema watahama, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukataa mbele ya mchungaji, wala hakuna aliyeambiwa umepikwa na nani. Obare akamletea Bhoke ile sahani ndogo akiishika kwa ncha za vidole, akaiacha mapajani pake.

Kwetu hatuli mpaka kila mtu awe na kipande, ndipo tunakula kwa pamoja, kwa neno moja. Mchungaji akauliza, "Kuna aliyesahauliwa?" Ndipo Bhoke akainuka. Alishika benchi kwa mkono mmoja, sahani kwa mkono mwingine, akanijia pale mezani nilipokuwa nimesimama na kipande changu mkononi. Hatua nne tu, lakini zilikuwa ndefu. Akanyoosha sahani. Akasema kwa sauti ya chini, mimi na Rael tu tukasikia, "Mama Dorine, kula na mimi. Wewe mmoja tu, inatosha."

Nilikuwa nimeambiwa na muuguzi. Nilikuwa naujua ukweli kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Mkono wangu ulikuwa hapa na sahani ilikuwa hapa. Sikuuinua. Nilimtazama Rael anisaidie. Rael alikuwa anatazama dari, yeye aliyewahi kumwita Bhoke nyaminwa kwenye beseni la maji. Mchungaji akadhani ni jambo la mashemasi, akasema basi tule sote pamoja. Kanisa likala. Mimi nilikula, mkate wangu mwenyewe, mnene, umeungua, nikatafuna mbele yake. Bhoke akaiweka sahani juu ya Meza, polepole kabisa, akaifunika kwa kitambaa kidogo. Kisha akamshika Sheila mkono wakatoka, na maji ya zabibu hakuyangoja.

Mkate wa Meza ukishaombewa hautupwi wala hauliwi kama chakula. Uliobaki unachomwa au unafukiwa. Kazi hiyo nikaachiwa mimi, watu walipokwenda nyumbani. Nilichimba nyuma ya kanisa kwa jembe la mlinzi. Wangu ulibaki vipande vitatu. Wa Bhoke ulikuwa mzima, haujavunjwa. Nilitazama kulia na kushoto kama mwizi. Kisha nikavunja kipande, nikala. Ulikuwa mtamu, ulikuwa na chumvi ile ile ya kunusa. Nikala na cha pili. Nikafukia uliobaki, nikakimbia, mwanamke mzima na nguo za Sabato, mpaka kwake.

Alikuwa amelala ubavuni, uso ukutani. Nikamwambia, "Bhoke, nimekula. Nimekula wako."

Hakugeuka. "Umekula na nani?"

"Peke yangu. Kule nyuma."

"Ungeuacha ufukiwe," alisema. "Mimi sikutaka uliwe. Nilitaka nile na mtu." Kisha akaniomba niurudishe mlango ninapotoka, kuku wasiingie.

Kaka yake alikuja Jumanne akawachukua wote wawili, yeye na mtoto. Nilijiambia nitapanda Kegonga mvua ikipungua. Mvua ikapungua, nikajiambia ndizi zitaoza. Alikufa wiki ya saba. Walimzika siku hiyo hiyo, kwa desturi za kwao, hapakuwa na hata mtu mmoja wa kanisa.

Habari zilisomwa Sabato, kati ya tangazo la kwaya na tangazo la mabati mapya. Nyabuto akavua miwani. Akasema, "Dada Bhoke alikuwa mmoja wetu hadi mwisho. Alitulisha mkate miaka minane, na hata mara ya mwisho tulishiriki naye Meza." Nadhani wakati ule alikuwa ameanza kuyaamini mwenyewe.

Nikasimama. Sikuinua mkono. Nikasema, "Si kweli. Hatukushiriki naye. Mkate mliokula nyinyi niliupika mimi, nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Wa Bhoke alipelekewa yeye peke yake. Akaniomba nile naye, nikakataa, mbele yenu nyote." Nilingoja wanizomee. Nilitaka wanizomee, nilitaka mtu mmoja ainuke aseme tulifanya nini, tulimfanya nini mtoto wa watu.

Kisha nyuma kule, mwanamke mmoja akashusha pumzi, akasema, "Afadhali."

Hakuna aliyemkemea. Nikageuka nione ni nani, na nyuso zote zilikuwa zimelegea, kama za watu walioambiwa mgonjwa wao amepona. Rael naye. Nyabuto akavaa miwani, akataja namba ya wimbo, wakasimama wote wakaimba.